Mpira wa nyuma kushoto unachanika kila mara: A/T gani (mpira wa njia zote) inafaa kwa Hilux ya Pemba, lami na shamba?

#1 MchanjaNjia (Chake)

Assalaam alaykum jamani. Nina Hilux dabo kebini, mipira yake 265/65R17. Siku za kazi natembea lami tu, Chake kwenda Wete na kurudi. Ijumaa baada ya sala na Jumamosi naingia shamba, upande wa Mtambile kwenye udongo mwekundu, na mara mbili kwa mwezi nakwenda Makangale, napita ndani ya Ngezi mpaka Vumawimbi kuchukua samaki.

Mwaka na nusu huu nimetupa mipira mitatu. Yote mitatu ni ya nyuma kushoto, na yote imekufa ubavu wakati kashata, yale meno ya chini, bado zinasimama. Wa kwanza ulikuja na gari. Wa pili ulikuwa H/T mpya, ile ya lami. Wa tatu A/T ambayo niliinunua nikiamini ndiyo mwisho wa mateso. Aina tatu za mpira, mahali pamoja.

Sasa nataka kununua minne kwa mkupuo na sina pesa za kukosea. Muuzaji mmoja kanishikilia nichukue M/T, zile za matope. Mwengine kaniambia A/T yoyote ile bora iwe plai kumi, yaani tabaka kumi. Naomba wenye uzoefu wa njia zetu hizi waseme. Na mwenye kujua kwa nini ni kushoto nyuma tu, naye aseme, maana hilo linaninyima usingizi kuliko bei.

#2 Mkaa_Barazani

Nimekaa kitako. Na mie nna Prado, shida ni hiyo hiyo, ila yangu inachagua kulia.

#3 FundiUpepo (Wete)

MchanjaNjia, kabla hujanunua kitu tuelezee majeraha. Naziba mipira mwaka wa kumi na tisa sasa na kila jeraha lina lugha yake. Tundu kama la kisu, fupi na limeingia moja kwa moja, hilo ni jiwe la maweni. Mchano mrefu unaofuata mzunguko wa mpira, karibu na bega, mara nyingi ni ukingo wa lami: umeshuka pembeni kumpisha mtu kisha ukapanda kwa ubavu. Na ukiufungua mpira ukakuta ndani unga mweusi na duara la mikwaruzo kuzunguka ubavu, basi huo haukuchanwa na jiwe. Ulitembea na upepo mdogo mpaka ukajila wenyewe, jiwe limekuja kumalizia tu.

Na unaweka upepo kiasi gani?

#4 BaraNaPwani (Dar)

Mkuu chukua M/T umalize. Mimi nilikuwa na gari la mradi, tulikuwa tunaingia Rufiji msimu wa mvua, tairi za A/T zilikuwa zinajaa tope zinakuwa kama chapati. M/T nafasi za kashata ni kubwa, tope linarushwa nje lenyewe gurudumu likizunguka. Ubavu wake nao una meno. Sioni cha kujadili.

#5 Maweni76 (Micheweni)

BaraNaPwani, Rufiji una tope na mchanga. Huku kwetu una jiwe. Jiwe la maweni si jiwe la mtoni lililolainishwa na maji, ni tumbawe la zamani limekauka, lina ncha na makali kama wembe. Kina mama wanaoponda kokoto hapa Micheweni watakuonesha mikono yao.

M/T kwenye jiwe hili inanyofoka. Kashata zake ndefu zinashika ncha, gari likivuta kwa nguvu kipande kinabaki kwenye jiwe. Jirani yangu alifunga M/T mpya, baada ya miezi sita ilikuwa kama imetafunwa na panya. Kisha kumbuka mleta uzi kasema siku tano ni lami. Lami ikiloa, M/T inagusa chini kwa sehemu ndogo, na breki yake ni ndefu. Njia ya Chake na Wete ina miteremko na watoto wa skuli wanatembea pembeni. Mie siwezi kumshauri mtu hivyo.

#6 MamaKarafuu (Mtambile)

Wanaume mnazungumza jiwe tu. Haya, mie nazungumza udongo, maana shamba la MchanjaNjia liko kwetu.

Masika yakishika, kile kilima chetu kinakuwa sabuni. Nina Hilux ya zamani, mipira yake myembamba, 205R16, nayo inapanda. Inazama kidogo, inafika chini kwenye udongo mgumu, inashika. Vijana wanakuja na mipira mipana inayopendeza macho, inaelea juu ya tope, gari linarudi nyuma kama ngalawa bila tanga. Mwaka jana msimu wa karafuu tulivuta magari matatu kwa kamba siku moja, yote ya mipira mipana.

Kwa hivyo mie nauliza: kwa nini mtu wa shamba afunge 265?

#7 Nahodha_wa_Nchi_Kavu (Konde)

Bi MamaKarafuu umesema kweli kwa udongo, ila mchanga wa Vumawimbi utakukana. Pale mpira mwembamba unachimba kaburi. Pale unataka upana, na zaidi ya upana unataka kupunguza upepo. Mie nikifika mwisho wa msitu nasimama, nashusha upepo mpaka psi 18, nangoja moshi wa sigara ya jamaa yangu uishe, naingia. Mpira ukishuka upepo unakuwa mrefu chini, unakanyaga kama mguu wa ngamia. Ukiwa hivyo usikate kona kwa ghafla, mpira utavuka rimu. Na ukitoka ujaze tena kabla ya lami. Wengi wanafanya la kwanza wanasahau la pili.

Na wanaokwenda kuchukua samaki waangalie maji. Siku za bamvua bahari inapanda mpaka juu, ukinasa pale unangoja na gari lako linaoga chumvi.

#8 MchanjaNjia (Chake)

Ahsanteni. FundiUpepo, naweka 38 pande zote, siku zote, kwa sababu nabeba. Sishushi hata nikiingia mchanga, nategemea foo-wili. Majeraha: wa kwanza na wa tatu ni tundu la kisu kama ulivyosema. Wa pili ni mchano mrefu. Unga mweusi ndani sikuuona, ila sikujua kama uangaliwe.

#9 FundiUpepo (Wete)

Basi nusu ya jibu ni hiyo 38. Gari tupu nyuma ni jepesi. Ukiweka 38 gari tupu, mpira unakuwa ngoma, haukubali kulifuata jiwe, unapigwa nalo. Kifunguo cha kila gari kiko kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva, pameandikwa upepo wa gari tupu na wa gari lenye mzigo. Usiulizie kwa rafiki mwenye gari jengine. Na pima asubuhi mpira ukiwa baridi. Ukipima mchana baada ya mwendo utakuta umepanda, utapunguza, kesho asubuhi utakuwa chini ya kiwango.

#10 Maweni76 (Micheweni)

Hapo Fundi tunaachana. Upepo mwingi unaupa mpira pancha za chini, kwenye kashata. Huyu mipira yake imekufa ubavu. Ubavu unajitokeza nje pale upepo ukiwa MDOGO, mpira unavimba kando na unajipeleka wenyewe kwenye ncha ya jiwe. Mie nikiingia maweni sishuki chini ya 28. Nahodha akija kwetu na 18 yake ya mchangani atarudi kwa miguu.

#11 Nahodha_wa_Nchi_Kavu (Konde)

Sikusema 18 kwenye jiwe, yakhe. Soma vizuri.

#12 Hesabu_Tu (Unguja, mjini)

Naona watu wanataja majina ya mipira bila kusoma maandishi ya ubavuni. Tuisome pamoja, kwa sababu A/T mbili zenye saizi moja zinaweza kuwa vitu viwili tofauti.

265/65R17: upana milimita 265, kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana huo, R ni radial, yaani namna nyuzi za ndani zilivyopangwa, rimu inchi 17. Baada ya hapo kuna namba ya uzito na herufi ya mwendo. Hilux nyingi zinakuja na 112S. Namba 112 maana yake mpira mmoja unabeba kilo 1,120, na S ni mwendo usiozidi kilomita 180 kwa saa. Ukikuta LT265/65R17 120/117, huo ni mpira wa gari la mzigo: 120 ni kilo 1,400 ukiwa peke yake, 117 ni kilo 1,285 kama imefungwa miwili miwili kama nyuma ya lori.

Tofauti kati ya hizi mbili ndiyo ubavu wenyewe. LT kwa kawaida ina ubavu mzito zaidi. Kwa jiwe la akina Maweni76, mie ningetazama LT kabla sijatazama jina la kampuni. Lakini LT inataka upepo zaidi kubeba uzito ule ule, ni nzito, inakula mafuta zaidi, na gari tupu linaruka ruka kama mkokoteni.

Na kwa aliyesema plai kumi: 10PR haimaanishi kuna tabaka kumi ndani. Ni kipimo cha nguvu kilichobaki kutoka enzi za mipira ya nyuzi za pamba. Mipira mingi ina maandishi madogo ubavuni yanayosema tabaka ngapi hasa, ubavuni peke yake na chini peke yake. Nyingi ubavuni ni mbili. Zipo za tatu. BFGoodrich KO2, kwa mfano, ni tatu. Chukua tochi usome hapo dukani.

#13 Mkaa_Barazani

Hesabu_Tu umenifanya nitoke na tochi usiku huu. Mke wangu anauliza nimeibiwa nini.

#14 DerevaWaUtalii (Unguja, Paje)

Salaam. Naongeza jambo ambalo limenigharimu. Kuna mipira ya mtumba inayokuja kutoka Japani, mengine inakuja imefungwa kwenye gari lenyewe. Kashata nzito, mikato mingi myembamba, ukiitazama unasema hii ndiyo A/T. Nilinunua minne. Kwa miezi minne ya Paje na Makunduchi ilikuwa imekwisha, na kwenye lami ya mchana gari lilikuwa linayumba kama limelewa. Kumbe ni mipira ya theluji. Raba yake ni laini ili ishike kwenye barafu, jua letu linaiyeyusha. Ukiona alama ya mlima na kipande cha theluji ubavuni, kimbia.

#15 Hesabu_Tu (Unguja, mjini)

DerevaWaUtalii uko sawa kwa kisa, si sawa kwa alama. Ile alama ya mlima wenye vilele vitatu na theluji ipo pia kwenye A/T nzuri tu, hiyo KO2 inayo. M+S nayo inaandikwa karibu kila A/T. Neno la kutafuta kwenye mipira ya Japani ni STUDLESS. Na bonyeza kashata kwa ukucha: ya theluji inabonyea kama ufizi.

Tena tazama DOT, namba ya ubavuni inayosema mpira umetengenezwa lini, tarakimu nne za mwisho. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zikiwa tatu tu, mpira huo ni wa kabla ya mwaka 2000, hata usiuguse. Mpira unazeeka hata ukiwa dukani haujatembea.

#16 BaraNaPwani (Dar)

Ila nyinyi Wazanzibari kuita tairi mpira kunanichanganya. Nimefungua uzi nikidhani mpira wa nyuma kushoto ni beki.

#17 MamaKarafuu (Mtambile)

Na beki wetu kachanika ubavu. Endeleeni.

#18 Msimamizi_wa_Gereji (Chake)

Nimesoma yote, hakuna aliyejibu swali la pili la mleta uzi. Aina tatu za mpira zimekufa pahali pamoja, basi aina ya mpira siyo sababu. Tafuteni kwenye gari au kwenye njia.

Mie nasema njia. Tunaendesha kushoto, na dereva amekaa kulia. Upande wa kushoto ndio asiouona, na ndio unaoshuka kwenye ukingo kila anapopisha. Kisha kuna kitu madereva wengi hawakijui: gari likikata kona, gurudumu la nyuma la ndani halipiti lilipopita la mbele. Linapita ndani zaidi. Ukikata kushoto kwenye njia nyembamba ya shamba, la mbele unalikwepesha jiwe kwa macho yako, la nyuma kushoto linakwenda kulipanda jiwe lile lile kwa ubavu. Ile njia ya Ngezi kuingia Makangale ina kona za kushoto zenye jiwe limetoka puani. Hesabu mwenyewe siku utakayopita.

#19 MchanjaNjia (Chake)

Wallahi hili sikuwahi kulifikiri. Lakini kaka yangu anaendesha njia hiyo hiyo na Land Cruiser yenye 7.50R16 za chubu, ndefu kuliko yangu, na hajapoteza hata mmoja.

#20 Msimamizi_wa_Gereji (Chake)

Mwembamba. Unapita pale wako haupiti. Na 7.50 ina ubavu wa lori.

#21 FundiUpepo (Wete)

Au kaka yako anaendesha taratibu. Samahani, nasema kwa mapenzi.

#22 MamaKarafuu (Mtambile)

Mie nna swali la kike, mkiona la kipuuzi mnisamehe. MchanjaNjia, ukija shamba kwetu unapakia wapi? Maana nilikuona mara mbili. Magunia unayarundika upande wa kushoto kwa sababu ndio upande wa baraza, vijana wanasukuma tu hapo, hawapangi. Na mkungu wa ndizi juu yake. Na kijana mmoja anakaa juu ya ukingo wa bodi upande huo huo akishikilia. Gari linatoka limeinama. Kwangu mie nilisema huyu springi yake imechoka.

#23 MchanjaNjia (Chake)

Bi mkubwa, umeniona kweli. Ndivyo tunavyopakia. Nimetoka sasa hivi kupima kwa futi kutoka chini hadi upinde wa gurudumu, gari tupu: nyuma kushoto iko chini ya kulia kwa karibu kidole kimoja na nusu.

#24 Msimamizi_wa_Gereji (Chake)

Basi jani la springi. Lete tulitazame. Ila jani halichani mpira.

#25 MamaKarafuu (Mtambile)

Halichani. Linaukandamiza mpira, unavimba kando, jiwe linafanya kazi yake. Maweni76 kasema hivyo hivyo juu huko, post ya kumi.

#26 Maweni76 (Micheweni)

Ewallah. Nakubaliana na Bi MamaKarafuu, na ninarudia: LT, upepo usiopungua 28 kwenye jiwe, na mzigo katikati.

#27 Hesabu_Tu (Unguja, mjini)

Kuna jengine. MchanjaNjia, spea yako saizi gani? Na ulipochanika mmoja ulibadilisha mmoja tu au pea?

#28 MchanjaNjia (Chake)

Mmoja tu, kila mara. Spea ni 225/70R17, ilikuja na gari.

#29 Hesabu_Tu (Unguja, mjini)

Ndugu yangu. 225/70R17 kimo chake kamili ni milimita 747 hivi. 265/65R17 ni 776. Karibu sentimita tatu. Ukiifunga hiyo ukaendelea na wiki nzima ya lami, difu inazungusha magurudumu mawili yasiyolingana. Na ukitia foo-wili ya Hilux kwenye njia ngumu kama lami, mbele na nyuma zinapigana, kitu kinapasuka ndani. Foo-wili hiyo ni ya udongo na mchanga, pahali gurudumu linaweza kuteleza likajinusuru. Spea ya tofauti ikufikishe kwa fundi tu.

Na wale wanaotaka kupanda kutoka 65 kwenda 70, yaani 265/70R17: unapata milimita 803, gari linanyanyuka sentimita moja na kidogo, spidi mita ikisema 60 wewe uko 62. Si jambo baya kwa shamba, ila angalia kama haigusi tope gadi ukikata usukani mpaka mwisho.

#30 Mkaa_Barazani

Na mpira uliochanika ubavu unashonwa? Kuna fundi kwetu anashona na kuweka chubu ndani, anasema unatembea miaka.

#31 FundiUpepo (Wete)

Nimeshona mingi, sikufichi. Watu hawana pesa, na gari lazima lifike. Lakini nikishona namwambia mtu: nyuma tu, pole pole, na uende ukatafute mwengine. Ubavu unakunjika kila mzunguko, uzi unakata raba kidogo kidogo kutoka ndani. Siku ya joto na mzigo unafunguka kama gunia. Tundu la chini kwenye kashata ninaliziba na nalala usingizi. La ubavu siwezi kukuapia.

#32 BaraNaPwani (Dar)

Kwa hiyo jina la tairi ni lipi sasa? Post thelathini.

#33 DerevaWaUtalii (Unguja, Paje)

Mie sasa nina Yokohama Geolandar A/T, zimenitosha kwa Jambiani, Makunduchi na lami ya kwenda uwanja wa ndege. Mgeni hapendi mvumo, na hizi zinavuma kidogo. Mwenzangu ana Bridgestone Dueler A/T, anazisifu kwa kukaa muda mrefu. Sisi sote hatuingii udongo wa Mtambile.

#34 Nahodha_wa_Nchi_Kavu (Konde)

Maxxis Bravo. Zimeona mchanga wa Kigomasha na mnara wake, zimeona msitu. Ukubwa wa jina si kitu, tazama kama utaipata ya tano siku moja ikichanika. Mpira mzuri ambao duka limeleta minne tu kisha basi, huo ni mtihani.

#35 Maweni76 (Micheweni)

Neno la Nahodha liandikwe kwa wino. Huku kisiwani unangoja boti.

#36 MchanjaNjia (Chake)

Jamani nimerudi, wiki saba zimepita. Nilichukua A/T za LT, mitano kwa saizi moja ili spea iwe sawa, DOT ya mwaka jana. Jina silitaji, watu wasije wakadhani natangaza. Springi imebadilishwa jani. Upepo 30 tupu, 38 nikiwa na mzigo nyuma, na nimenunua pampu ndogo, naifunga moja kwa moja kwenye betri kama alivyonielekeza Fundi. Mzigo tunapanga katikati. Kona za kushoto za Makangale nazifungua, nachukua upana wote wa njia.

Nyuma kushoto salama, alhamdulillahi. Kilima cha Mtambile nimepanda kwenye vuli mara moja, mara ya pili nilikwama na Bi MamaKarafuu alinipita na 205 zake akanipungia mkono.

Lakini Jumamosi iliyopita, Makangale, umechanika wa mbele kulia. Ubavu. Tundu la kisu. Mpira wa wiki saba.

#37 Maweni76 (Micheweni)

Inna lillahi. Upepo ulikuwa ngapi?

#38 MchanjaNjia (Chake)

30, nilipima asubuhi.

#39 Msimamizi_wa_Gereji (Chake)

Umesema unazifungua kona za kushoto. Ukikata kushoto, gurudumu linalokwenda nje kuliko yote ni la mbele kulia. Umelitoa jiwe la kushoto ukaenda kulitafuta la kulia.

#40 FundiUpepo (Wete)

Sikubali haraka. La mbele kulia liko chini ya macho yake, angeliona. Mie nataka niuone mpira wenyewe kwa ndani kwanza. MchanjaNjia, usiutupe, niletee.

#41 MamaKarafuu (Mtambile)

Angeliona mchana. Ulikuwa unarudi saa ngapi, mwanangu, kabla ya magharibi au baada?

#42 Mkaa_Barazani

Na mie Prado yangu ni kulia siku zote. Msimamizi, nifafanulie hiyo ya kona tena, pole pole.